Ridhaa ya sampuli zinazohifadhiwa kwa utafiti: uchague ipi kati ya njia 5?

Mililita 10 za damu zikizungushwa kwenye sentrifuji hutoa plazima, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli, ya mililita 4 hadi 5. Plazima hiyo ikigawanywa nusu mililita kwa nusu mililita, unapata vichupa 8 hadi 10. Kila kimoja huingia kwenye kisanduku chenye nafasi 81, ndani ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Aliyetoa damu alikaa kitini dakika chache, lakini vichupa vyake vinaweza kukaa humo miaka 20 na kufanyiwa vipimo ambavyo siku ile ya sindano havikuwapo. Je, alikubali nini hasa?

Swali hilo ndilo linalozikwamisha timu za utafiti na kamati za maadili. Zipo njia 5 za kuomba ridhaa ambazo hutumika kweli: ridhaa mahsusi, ridhaa pana, ridhaa ya vipengele, ridhaa endelevu na ridhaa ya kutokataa. Kila moja inatetewa na watu wenye hoja nzito. Ulinganisho huu ni kwa wale wanaolazimika kuandika fomu na kuipeleka mbele ya kamati.

Wenye sampuli wanasemaje

Tafiti za maoni kutoka nchi mbalimbali hurudia mambo machache. Wengi wako tayari sampuli zao zihifadhiwe na zitumike tena. Wengi pia wanataka kuulizwa angalau mara moja, na hawapendi kusikia baadaye kwamba jambo lilifanyika bila wao kujua. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2017, watu wapatao 13,000 waligawanywa katika makundi 3 yaliyoelezwa mipango tofauti ya ridhaa na ya kugawana data. Asilimia 66 walisema wangeshiriki, na makundi hayo 3 hayakutofautiana. Kilichotofautisha zaidi ni mambo kama wasiwasi ambao mtu alikuwa nao tangu mwanzo na faida anayoiona katika utafiti.

Wasiwasi huo una sura 3. Ya kwanza ni biashara: mtu ametoa bure, halafu kampuni inauza. Seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1951 bila yeye kuulizwa, zikakuzwa maabara duniani kote, na ni mwaka 2023 tu ndipo familia yake ilipofikia makubaliano na kampuni moja iliyoziuza. Ya pili ni kwamba sampuli itafika kwa mtu asiyetarajiwa. Mwaka 2003, baada ya waziri Anna Lindh kuuawa Sweden, polisi walipata sampuli ya mshukiwa kutoka kwenye hifadhi ya damu za watoto wachanga, hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili ya kupima magonjwa. Ya tatu ni mada: mtu anayekubali damu yake ichunguzwe kisukari anaweza kukataa kabisa isichunguzwe maradhi ya akili au asili ya ukoo wake.

Katika matukio yote haya kilio ni kimoja: kilichofanyika hakikuwa kile watu walichokijua. Ndiyo maana swali la kuuliza kabla ya kuchagua njia ni hili: je, ghala letu la sampuli lina uwezo wa kutimiza kila ahadi iliyomo kwenye fomu hii? Fomu nzuri isiyotimizika ina madhara makubwa kuliko fomu ya kawaida inayotimizwa.

Vigezo

Kila njia tutaipima kwa mambo matano: anachokubali mtu, watu wanavyoipokea, kazi inayodai, inapovunjikia, na anayefaa kuitumia.

Kuna jambo la sita linalozigusa zote, nalo ni kujitoa. Maneno "unaweza kujitoa wakati wowote" yamo karibu katika kila fomu, na ndiyo ahadi rahisi zaidi kuvunjwa. Tuseme mtu anajitoa leo. Vichupa vyake 9 viko kwenye visanduku 3 tofauti, viwili vilishapelekwa maabara ya mbali, DNA yake ilishatolewa, na matokeo yake yamo ndani ya makala iliyochapishwa. Vichupa vilivyomo ghalani vinaweza kuharibiwa, makala haifutiki. Fomu iseme hivyo waziwazi. UK Biobank, ghala la sampuli la Uingereza lililoandikisha watu 500,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, lilitenganisha ngazi 3 za kujitoa: msiwasiliane nami tena, msichukue taarifa zangu mpya, ila mlizonazo zitumike, na msitumie chochote changu tena. Utaratibu huo unafaa kuigwa na ghala lolote, maana mara nyingi anayetaka kujitoa amechoshwa na simu tu, na sampuli zake hana ugomvi nazo. Kama msimbo unaounganisha jina na kichupa utakatwa, andika pia kwamba baada ya hapo hakuna atakayeweza kuzitafuta.

1. Ridhaa mahsusi

*Anachokubali mtu.* Utafiti mmoja uliotajwa kwa jina na kwa lengo. Ukiisha, mabaki yanaharibiwa, au mwenye sampuli anarudiwa kuulizwa upya.

*Watu wanavyoipokea.* Inaeleweka haraka, na waliowahi kudhulumiwa na watafiti huiamini kuliko nyingine. Ila kurudiwa mara kwa mara huchosha. Barua inayoomba ruhusa mpya inaweza kufika kwa mjane wa mshiriki aliyefariki na kumfufulia msiba.

*Kazi inayodai.* Kuandaa ni rahisi, kuiendeleza ni ghali. Baada ya miaka 10 wengine wamehama, wengine wamebadili namba, wengine wamefariki. Wanaopatikana ni wale waliotulia mahali pamoja na wenye afya, kwa hiyo sampuli zinazobaki hazifanani tena na kundi la mwanzo na matokeo hupinda.

*Inapovunjikia.* Kwenye friza. Fomu ilisema "zitaharibiwa utafiti ukiisha", lakini hakuna aliyeandika utafiti unaisha lini wala nani ataharibu. Miaka mitano baadaye vichupa bado vipo na mtu anaona ni hasara kuvitupa. Andika tarehe, taja cheo cha mhusika, na tarehe hiyo iingizwe kwenye rekodi ya kila kichupa ili mfumo ukumbushe.

*Anayefaa.* Utafiti mdogo wenye swali moja, mada nyeti kama mayai ya uzazi na mbegu za kiume, na jamii ambayo imani yake bado inajengwa.

2. Ridhaa pana

*Anachokubali mtu.* Sampuli itumike katika tafiti zijazo ambazo bado hazijapangwa, ndani ya mipaka iliyotajwa na chini ya usimamizi unaoeleweka. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Ridhaa isiyo na mipaka wala msimamizi ni hundi iliyosainiwa bila kiasi, hata ikiitwa pana.

*Watu wanavyoipokea.* Kwa wengi ni sawa, mradi wanajua nani analinda mlango. Hutaka kusikia kwamba kamati ya maadili itapitia kila ombi, kwamba majina hayatoki, na kama kuna kampuni itakayofaidika. Usipowaambia habari ya faida za kibiashara mapema, wataisikia kwingine.

*Kazi inayodai.* Siku ya kusaini ni fupi, lakini nyuma yake lazima kuwe na chombo kinachoishi. Mwongozo wa 2016 wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi za tiba, na Azimio la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, lililorekebishwa mwaka huohuo, vinataka mtoa sampuli aelezwe mambo kama lengo la ghala, muda na mazingira ya kuhifadhi, nani ataruhusiwa kuzifikia na kwa utaratibu gani, atapataje habari za matumizi ya baadaye, uwezekano wa biashara, na kama ataambiwa matokeo yanayohusu afya yake. Kanuni za Marekani za kuwalinda washiriki wa utafiti, zilizorekebishwa, zinaongeza tamko kama sampuli huenda ikasomwa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mtu. Zina pia kifungu ambacho wengi hawakioni: mtu aliyeombwa ridhaa pana akakataa, kamati haiwezi baadaye kuruhusu sampuli yake itumike bila ridhaa. Maana yake katika kazi ni kwamba orodha ya waliokataa lazima itunzwe kama orodha ya waliokubali. Maghala mengi hutunza moja tu.

Linganisha sentensi mbili. "Sampuli yako itatumika kwa utafiti wa kitabibu" haimwambii mtu chochote anachoweza kukikataa. "Damu yako itahifadhiwa hadi miaka 20. Watafiti wa hapa na wa nchi nyingine wanaweza kuiomba ili kuchunguza ugonjwa wowote, ukiwamo wa kurithi na wa akili. Kila ombi litapitiwa na kamati. Kampuni zinaweza kupata faida, wewe hutalipwa" ni ndefu zaidi, lakini mtu anajua wapi pa kusema hapana.

*Inapovunjikia.* Pale maneno ya mdomoni yanapokuwa membamba kuliko karatasi. Mfano wa wazi ni Wahavasupai, jamii ya wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Arizona State University, na mazungumzo yao yalikuwa juu ya kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Fomu ilitaja magonjwa ya tabia na ya mwili kwa jumla. Damu ikachunguzwa pia habari za skizofrenia (ugonjwa wa akili), za ndoa za ndugu, na za wapi wazee wao walitokea, jambo lililogongana na imani yao kuhusu asili yao. Walishtaki, na mwaka 2010 chuo kiliafiki kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha sampuli. Kwa karatasi pekee mtetezi angeweza kusema waliridhia. Kwa hiyo, aliyechukua ridhaa amwombe mtu aeleze kwa maneno yake: "Niambie, damu hii tutaifanyia nini?" Akijibu "mtapima kisukari changu" ilhali ghala ni la magonjwa yote, ridhaa haijapatikana hata kama sahihi ipo.

*Anayefaa.* Ghala kubwa la muda mrefu lenye kamati ya kudumu, bajeti ya friza, na njia ya kutoa habari kwa washiriki wake.

3. Ridhaa ya vipengele

*Anachokubali mtu.* Anaweka ndiyo au hapana kwenye kila kipengele: utafiti wa ugonjwa huu tu au mwingine wowote, uchunguzi wa vinasaba, kupelekwa nje ya nchi, matumizi ya kampuni, kupigiwa simu tena.

*Watu wanavyoipokea.* Vizuri, hata na wanaoishia kuweka ndiyo kila mahali. Kupewa nafasi ya kukataa kunawapa heshima. Vipengele vikizidi vinne au vitano, mtu huacha kusoma na kuanza kutia alama tu.

*Kazi inayodai.* Fanya hesabu kabla ya kufurahia. Maswali 3 ya ndiyo au hapana yanazaa michanganyiko 8, na maswali 5 yanazaa 32. Mtafiti akiomba vichupa 200 kwa utafiti wa vinasaba wa kampuni ya nje, mfumo lazima uchuje kwa vipengele vitatu kwa pamoja, kwa kila kichupa.

*Inapovunjikia.* Karatasi inalala kwenye faili ofisini, na vichupa vinatoka friza kwa namba. Fundi anayechota vichupa saa 2 asubuhi anaona msimbo tu, haoni kwamba mwenye kichupa alikataa kampuni. Kila kipengele kiwe na safu yake kwenye hifadhidata, na orodha ya kuchota isichapishwe kabla mfumo haujachuja. Tatizo la pili ni kisanduku kilichoachwa wazi. Amua tangu mwanzo kwamba nafasi tupu ni hapana, na mpokea fomu aikague kabla mtu hajaondoka, maana kumtafuta baadaye kwa ajili ya alama moja hakufanyiki. La tatu ni maswali yasiyotenganika: usimwulize mtu kama anakubali vinasaba ikiwa ghala zima ni la vinasaba. Hapo unampa hiari ya bandia.

*Anayefaa.* Utafiti wa tiba unaotaka kuhifadhi mabaki pembeni, na ghala linalojua mambo mawili au matatu ambayo watu wake wanatofautiana kweli.

4. Ridhaa endelevu

*Anachokubali mtu.* Uhusiano. Anaandikishwa kwenye mfumo wa simu au kompyuta, anaona tafiti zinazotumia sampuli yake, na anaweza kubadili uamuzi wake wakati wowote. Utafiti wa CHRIS wa South Tyrol, kaskazini mwa Italia, umejengwa juu ya njia hii.

*Watu wanavyoipokea.* Wenye ugonjwa adimu na familia zao huipenda sana kwa sababu wanafuatilia kila hatua. Wengine huingia mara moja na hawarudi.

*Kazi inayodai.* Programu inayotunzwa miaka yote, mtu wa kujibu ujumbe, na ulinzi wa data. Pesa za mradi zikiisha mwaka wa tano mfumo unazimwa, na ahadi ya kubadili uamuzi inazimwa nao.

*Inapovunjikia.* Kwenye ukimya. Umetuma taarifa ya utafiti mpya, mshiriki hajajibu. Amekubali? Amekataa? Amepoteza simu? Jibu liandikwe kwenye fomu ya kwanza: kwa mfano, tafiti zilizo ndani ya mipaka zitaendelea, na zilizo nje zitasubiri ndiyo yake. Pia wasio na intaneti au wasioona vizuri wapewe namba ya simu na karatasi, la sivyo ghala litabaki na sauti za wenye vifaa tu.

*Anayefaa.* Makundi yenye hamasa ya muda mrefu na taasisi yenye fedha za uhakika.

5. Ridhaa ya kutokataa

*Anachokubali mtu.* Mabaki ya vipimo vya hospitali, kama damu iliyosalia maabara au kipande cha tishu kilichokatwa kwenye upasuaji, yatatumika kwa utafiti asipokataa.

*Watu wanavyoipokea.* Hapa maoni yanagawanyika zaidi. Wengine wanasema damu ingetupwa hata hivyo. Wengine wanasema kimya changu si ndiyo yangu. Wanaokasirika zaidi ni wale ambao hawakujua kwamba kulikuwa na nafasi ya kukataa.

*Kazi inayodai.* CIOMS inaikubali kwa masharti manne: watu wajue utaratibu upo, wapewe maelezo ya kutosha, waambiwe wanaweza kuondoa data zao, na nafasi ya kukataa iwe ya kweli. Denmark ina rejista ya kitaifa tangu 2004 ambamo mtu hujiandikisha kwamba tishu zake zisitumike kwa jambo lolote nje ya matibabu yake. Tangazo dogo ukutani mwa mapokezi, kwa maandishi yasiyosomeka, halitimizi sharti hata moja.

*Inapovunjikia.* Kwenye kutoarifu. Texas ilihifadhi matone ya damu ya watoto wachanga bila kuwauliza wazazi. Wazazi walishtaki mwaka 2009, na sampuli zaidi ya milioni 5 zikaharibiwa. Rasilimali hiyo ya sayansi ilipotea kwa kukosa karatasi moja ya kumpa mzazi wodini. Njia hii pia haifai pale utafiti unapoongeza hatari, unapohusu mbinu zenye utata kama kutengeneza seli zisizokufa, unapogusa mbegu za uzazi, au unapofanyika kwa watu walio katika hali dhaifu.

*Anayefaa.* Hospitali yenye mabaki mengi, hatari ndogo, na uwezo wa kuheshimu hapana ya mgonjwa ndani ya mfumo uleule wa maabara.

Kwa hali yako

*Unaanzisha ghala la watu wengi kwa miaka mingi.* Ridhaa pana, ukiongeza kipengele kimoja au viwili ambavyo watu wako wanagawanyika kwavyo. Kabla ya kuandika vipengele, kaa na vikundi vya watu wa kawaida uwaulize wangekataa nini. Usikisie ukiwa ofisini.

*Una jaribio la dawa na unataka kuhifadhi mabaki.* Tenganisha karatasi. Ridhaa ya jaribio iwe yake na ya hifadhi iwe yake, na mtu aweze kukataa ya pili akabaki kwenye ya kwanza. Ya pili usiiombe mgonjwa akiwa kwenye kitanda cha kuelekea chumba cha upasuaji.

*Washiriki ni watoto.* Mzazi anaridhia leo, lakini weka tarehe ya kumwuliza mtoto mwenyewe akifikia utu uzima, na eleza kitakachotokea asipopatikana. Njia yoyote kati ya 5 inakuwa pungufu bila tarehe hiyo.

*Jamii imewahi kuumizwa na utafiti.* Anza na ridhaa mahsusi, na zungumza na viongozi wa jamii kabla ya mtu mmojammoja. Mwaka 2017 Wasani wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti. Jamii yenye kanuni kama hizo, zifuatwe kabla ya kamati ya chuo. Kibali cha viongozi hakichukui nafasi ya ridhaa ya mtu, wala ya mtu haichukui nafasi ya kibali chao.

*Ni kundi la wagonjwa wachache wanaofahamiana.* Ridhaa endelevu, kama fedha za mfumo zipo kwa muda wote wa hifadhi. Kama hazipo, ridhaa pana yenye barua ya habari kila mwaka itawafaa kuliko programu itakayozimwa. Kumbuka pia kwamba katika ugonjwa adimu kuondoa jina hakufichi mtu: umri, mji na aina ya ugonjwa vinatosha kumtambulisha. Waambie hivyo.

*Sampuli zitavuka mpaka.* Njia yoyote, mradi kusafirishwa kumetajwa waziwazi, na mkataba wa kuhamisha sampuli unabeba mipaka ileile ya fomu, ukionyesha mabaki yatarudi au yataharibiwa na nani atathibitisha.

*Umerithi friza iliyojaa vichupa vya zamani.* Usianze na vichupa, anza na fomu. Tenga visanduku katika mafungu matatu: vyenye fomu inayoruhusu unachotaka, vyenye fomu inayokataza au isiyosema, na visivyo na fomu kabisa. Fungu la kwanza litumike. La pili lipelekwe kwenye kamati pamoja na nakala ya fomu tupu ya wakati ule, ili wajumbe wasome maneno ambayo mshiriki aliyasoma. La tatu lifungwe kwa lebo inayosema "lisichotwe" hadi kamati iamue, na funguo zake zishikwe na mtu asiye na utafiti unaozihitaji.